George Whitefield, mwanafunzi aliyeishiwa nguvu

Jina la George Whitefield si geni katika makanisa yetu. Wengi tumelisikia katika mafundisho juu ya uamsho wa karne ya 18: mhubiri aliyesimama nje, mashambani na viwanjani, mbele ya maelfu ya watu, kwanza Uingereza na kiisha Amerika. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alipokuwa na miaka 20, akiwa mwanafunzi huko Oxford, alifika mahali ambapo hakuweza tena kuandika kazi aliyopewa na mwalimu wake, na mwishowe hakuweza hata kupanda ngazi za koleji yake. Alikuwa mgonjwa kwa majuma saba. Tunataka kukaa kidogo kwenye habari hiyo, kwa sababu katika vikundi vya wanafunzi vya makanisa yetu tunaona vijana wanaofanana naye zaidi kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1714 katika mji wa Gloucester, magharibi mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Bell. Baba alikufa mtoto akiwa na miaka miwili tu. Surua ilimwachia makengeza kwenye jicho moja, nayo hayakuondoka maisha yake yote. Mama aliolewa tena, ndoa haikuwa ya heri, na biashara ikashuka. Kijana akiwa na miaka kama 15 aliacha masomo, akavaa aproni, akapiga deki, akasafisha vyumba na kuwamiminia wageni pombe kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu. Ndoto ya shule ilikuwa imekwisha.

Siku moja mwanafunzi maskini wa koleji ya Pembroke, huko Oxford, alipita kumsalimu mama. Akaeleza ya kwamba amelipa madeni yote ya muhula ule na bado amebaki na peni moja mfukoni. Mama alishangilia pale pale: kama huyu ameweza, basi na mwanangu ataweza! Tunawajua akina mama wa namna hiyo. George alirudi shuleni, na mwishoni mwa mwaka 1732 akaingia Pembroke kwa njia ile ile.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Oxford ya wakati ule ilikuwa na wanafunzi waliosoma kwa kuwatumikia wanafunzi wenzao. Mtumishi kama huyo aliwaamsha matajiri asubuhi, aliwapigia rangi viatu, alisafisha vyumba vyao, aliwapelekea chakula, na mara nyingine aliwaandikia kazi za shule. Alivaa joho tofauti na lao, na haikuwa desturi wenye mali kuonekana wakitembea naye. Whitefield alikuwa amezoea kazi hizo nyumbani kwa mama yake, kwa hiyo wengi walimpenda na kumchagua. Katika miaka karibu mitatu ya kwanza jamaa zake hawakutoa zaidi ya pauni 24 kwa ajili yake. Gharama nyingine zote alizibeba mwenyewe kwa mikono yake na kwa zawadi za marafiki.

Hapo msomaji wa kwetu hahitaji maelezo mengi. Mwanafunzi wa Bukavu au wa Lubumbashi anayefua nguo za watu, anayeuza mikate asubuhi kabla ya somo la kwanza na kusoma usiku kwa mwanga wa simu, anajua ratiba ya Whitefield bila kufundishwa. Kijana huyo alianza kubeba mzigo mkubwa tangu siku ya kwanza, kabla hajaongeza chochote cha kiroho juu yake.

Naye aliongeza. Kule Oxford kulikuwa na kikundi kidogo cha wanafunzi na walimu walioongozwa na ndugu wawili, John na Charles Wesley. Watu waliwacheka kwa majina mengi. Jina la Wamethodisti ndilo lililobaki, kwa sababu walikuwa na utaratibu kwa kila kitu. Walipanga saa za siku, wakafunga chakula kila siku ya tatu na ya tano mpaka saa tisa alasiri, wakashiriki Meza ya Bwana kila juma, wakatembelea wafungwa na maskini. Whitefield aliwatazama kwa mbali muda mrefu, akiona haya kuwasogelea kwa sababu ya umaskini wake. Mwaka 1733 mwanamke mmoja katika nyumba ya maskini alijaribu kujiua. Whitefield alimtuma mama muuza matunda akamwarifu Charles Wesley, akimsihi asimtaje aliyemtuma. Mama yule alimtaja. Kesho yake Charles alimwita George kwa chakula cha asubuhi, na urafiki ukaanza.

Kikundi hicho kilikuwa kimekwisha kuonja kifo. Mmoja wa waanzilishi wake, William Morgan, alikufa Dublin mwezi wa 8 mwaka 1732, na maneno yakaenea mjini kwamba mifungo ya akina Wesley ndiyo iliyomwua. John Wesley alimwandikia baba wa marehemu barua ndefu akieleza kwamba kijana aliacha kufunga zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufa. Baba aliyakubali maelezo hayo, hata akampeleka Oxford mwanawe mdogo asome chini ya Wesley. Hatuoni sababu ya kumshitaki Wesley kwa kifo hicho. Hata hivyo onyo lilikuwa limetolewa mbele ya wote, na Whitefield aliingia katika kikundi bila kulisikia.

Alianza vema. Alipata ndugu, alipata utaratibu, alipata vitabu. Kimoja alichoazimwa na Charles, kazi ya Mskoti Henry Scougal, kilimwonyesha kwamba mtu anaweza kufunga, kusali, kwenda kanisani na kutoa sadaka bila kuwa na uzima wa Mungu ndani yake. Maneno hayo yalimtikisa. Mwingine angepumua kwa kusikia hivyo. Yeye alielewa kwamba bado hajafanya vya kutosha.

Hapo ndipo mteremko unaanza. Alichagua chakula kibaya kuliko vyote. Akaacha kupaka nywele unga kama ilivyokuwa desturi ya watu wa heshima, akavaa joho lenye viraka na viatu vyenye matope. Jioni alikwenda kwenye njia ya miti karibu na koleji ya Christ Church, akapiga magoti au akalala kifudifudi chini ya mti mmoja kwa muda wa karibu saa mbili, hata siku za dhoruba, mpaka kengele kubwa iliporudisha wanafunzi ndani. Baridi ya asubuhi aliiachia mikono yake mpaka mkono mmoja ukaanza kuwa mweusi. Alikuwa akisoma kitabu kilichosifu ukimya na kujikana, akakitumia vibaya: akaacha hata kukutana na marafiki wa kikundi, akidhani kwamba kuwapenda ndugu ni kitu kingine cha kutoa sadaka.

Tunasimama kidogo hapo. Katika dalili zote za mtu anayeelekea kuvunjika, hiyo tunaiona kuwa kubwa kuliko njaa. Mwenye njaa mwenye rafiki ataulizwa kama amekula. Whitefield alijiondoa kwa watu waliokuwa na haki ya kumwuliza, naye aliita jambo hilo utakatifu.

Mazingira nayo hayakumsaidia. Mkuu wa koleji alimtisha kwamba atamfukuza akionekana tena akitembelea maskini. Wanafunzi wengine walimrushia uchafu. Na baadhi ya wale aliowatumikia walianza kumnyima malipo yao, mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi watu wakisimulia maisha yake wanaliita jambo hilo mateso kwa ajili ya Kristo, na kweli lilikuwa hivyo. Lakini lilikuwa pia kijana maskini kupoteza kipato chake katikati ya mwaka wa masomo.

Kiisha akili ikakataa kazi. Kila juma mwanafunzi alipaswa kumletea mwalimu wake insha. Juma moja Whitefield alikaa mbele ya karatasi na hakuweza kuandika neno. Akapigwa faini ya shilingi mbili na nusu. Juma lililofuata ikawa vile vile. Safari hii mwalimu hakumpiga faini. Alimwita pembeni, akamwuliza ni nini kimempata. Kijana akabubujika machozi, akasema si kwa dharau, ni kwamba hawezi.

Mwalimu yule aliwahi kufikiri kwamba mwanafunzi wake amerukwa na akili. Tangu siku ile lakini alimtunza kama baba: alimwazima vitabu, alimpa fedha, alimtembelea chumbani. Whitefield mwenyewe ameandika hayo katika habari ya maisha yake iliyochapishwa mwaka 1740, kwa mistari michache sana. Tungependa angeandika zaidi. Mwalimu anayeona karatasi nyeupe na kuuliza swali kabla ya kutoa adhabu ni mtu ambaye wanafunzi wengi hawajapata kukutana naye.

Charles Wesley naye alimfuatilia, akampeleka kwa kaka yake John. Shauri la John lilikuwa la kiasi: arudie mikutano, ibada na matembezi kwa maskini, ila asiweke tumaini la wokovu wake juu ya hayo. Whitefield alirudi kwa ndugu zake. Lakini mwili ulikuwa umechelewa, naye alikuwa bado na jaribio moja la mwisho.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1735. Aliamua kwamba majuma yote sita atakula mkate mgumu na kunywa maji ya majani ya bustani yaliyochemshwa, bila sukari, isipokuwa siku ya posho na ya Mungu. Aliendelea kutoka asubuhi kwenye baridi na kuomba usiku. Lilipofika juma la mateso ya Bwana, hakuweza kupanda ngazi ila kwa kujikokota. Ikambidi amjulishe mwalimu wake hali yake, na mwalimu akamwita daktari mara moja.

Kwa majuma saba hakuwa na nguvu. Alisoma Agano Jipya la Kigiriki alipoweza, akaandika kila siku orodha ya dhambi zake na kuziungama asubuhi na jioni. Mtu akisoma habari hizo leo anatamani kumnyang'anya kalamu. Karibu na mwisho wa majuma hayo alikuwa na kiu kali, kinywa kimekauka, na alichokunywa hakikuituliza. Akamkumbuka Yesu msalabani, jinsi alivyosema ya kwamba ana kiu wakati mateso yake yalikuwa karibu kwisha. Akajitupa kitandani akilia neno lile lile. Mzigo ukaondoka. Hakuwa na jambo jipya la kumtolea Mungu. Alikuwa amekwisha kabisa, na katika hali hiyo hiyo akajua kwamba amepokelewa. Baada ya hapo alishindwa kunyamaza, akawa akiimba zaburi kwa sauti.

Katika mahubiri yetu simulizi hukoma hapo, na daktari anasahauliwa. Sisi tunaona ni vema kushika yote mawili. Whitefield alisema maisha yake yote kwamba siku ile Kristo alimjia, na hatuna neno la kuongeza juu ya hilo. Lakini siku ile ilimkuta katika kitanda, baada ya majuma ya kupumzika kwa lazima, chini ya uangalizi wa daktari, akitembelewa na mtu mzima aliyemhurumia. Yeye aliyatazama mengi ya mateso yale kuwa vita ya Shetani. Pengine. Lakini kijana asiyekula, asiyelala, anayeganda kwa baridi na anayekaa peke yake, Shetani hana kazi nyingi ya kufanya juu yake.

Tena jambo linalosahauliwa kuliko yote: hakurudi darasani juma lililofuata. Marafiki na tabibu walimtaka abadilishe hewa, naye akaenda nyumbani Gloucester, akakaa huko karibu miezi tisa. Miezi tisa kwa mwanafunzi maskini ni hasara kubwa. Jamaa wengi wa kwetu wangemwuliza kwa nini amerudi, ada ya nani imepotea, na majirani watasema nini. Alipokelewa na Gabriel Harris, mwenye duka la vitabu katika mji ule, na familia yake.

Aliyoyafanya katika miezi hiyo yanastahili kutazamwa. Alisoma Biblia akiwa amepiga magoti, na pembeni ufafanuzi wa Matthew Henry, polepole, bila mtihani mbele yake. Alianza kikundi kidogo cha vijana. Alikwenda gerezani karibu kila siku kuwasomea na kuomba na wafungwa. Unaona kwamba si mambo mapya. Mengi ni yale yale ya Oxford. Tofauti ni kwamba sasa alikula, alilala katika nyumba yenye watu, na hakuna aliyehesabu kama yametosha, wala yeye mwenyewe.

Wakati huo akina Wesley walikuwa wameondoka. Mwezi wa 10 mwaka 1735 walipanda meli kwenda Georgia, koloni ya Uingereza huko Amerika. Whitefield aliporudi Oxford mwezi wa 3 mwaka 1736, kikundi kilikuwa kimebaki bila viongozi wake, naye akakishika. Safari hii hakuachwa bila chakula: Sir John Philips, tajiri aliyewapenda Wamethodisti, aliahidi kumpa pauni 30 kwa mwaka akibaki Oxford. Linganisha na zile 24 za miaka karibu mitatu.

Askofu wa Gloucester, Martin Benson, alikuwa ameapa kutomwekea mikono mtu aliye chini ya miaka 23. Alimwita Whitefield, akampa fedha za kununua kitabu, akamwambia kwamba kwake yeye yuko tayari kuivunja sheria hiyo. Kijana aliogopa. Alikuwa ameomba sana asiharakishwe, na tunaamini woga huo ulikuwa tunda jema la yale aliyopitia. Alikubali baadaye, akatiwa mikono kuwa shemasi tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 1736, akiwa na miaka 21. Juma moja baadaye alihubiri kwa mara ya kwanza katika kanisa la St Mary de Crypt, alipobatizwa. Watu walimlalamikia kwa askofu ya kwamba mahubiri yale yamewatia wazimu watu 15. Askofu alijibu kwamba anatumaini wazimu huo utadumu mpaka siku ya Mungu inayofuata. Mwezi wa 7 kijana aliyeshindwa kuandika insha alipata shahada yake.

Yaliyobaki yanajulikana, nasi tutayapita upesi. Alivuka bahari ya Atlantiki mara 13. Alihubiri mara nyingi kiasi kwamba wanaohesabu hufika maelfu kumi na kuzidi. Si yote ya kusifiwa. Alipokuwa na nyumba ya yatima ya Bethesda huko Georgia, mahali ambapo utumwa ulikuwa umekatazwa, alikuwa miongoni mwa waliotetea uruhusiwe, na sheria ikabadilishwa mwaka 1751. Yeye mwenyewe aliwamiliki Waafrika na kuishi kwa jasho lao. Sisi tulio wana wa bara hili hatuwezi kuandika habari za kupumzika kwake bila kutaja wale ambao yeye hakuwaruhusu kupumzika.

Wala hatudai kwamba aliyapatia yote aliyojifunza kitandani. Alipokuwa mzee alisumbuliwa na pumu, akaambiwa apunguze kazi, akaona kuhubiri ndiyo dawa. Alihubiri Exeter huko New Hampshire tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1770, akafika Newburyport jioni, akafa alfajiri ya siku iliyofuata. Alikuwa na miaka 55. Aliacha kutafuta wokovu kwa kujichosha, na hiyo aliacha kweli. Tabia ya kujichosha ilibaki, ikabadilisha sababu tu. Wachungaji wanaotusoma wataelewa tunasema nini.

Mwaka 1756 alipochapa upya habari ya ujana wake alipunguza na kusahihisha mengi, kwa maana aliona kwamba aliandika mapema mno na kwa ukali mno. Majuma yale saba ya ugonjwa lakini hakuyakana. Katika uzee wake alieleza kwamba kila alipopita Oxford hakuweza kujizuia kukimbilia mahali pale alipoguswa mara ya kwanza, ingawa alijua kwamba watu wanaweza kumwona kama mtu wa ushirikina. Ni sehemu ya koleji kama nyingine, yenye ngazi ambazo mwaka 1735 alizipanda kwa kujikokota.